Uzamili wa fedha hapa Mombasa: kwa nini wengi humaliza darasa wakakwama kwenye tasnifu?

#1 KaunteriYaTatu (mwanzilishi wa uzi)

Salamu zenu. Mimi niko benki hapa Nkrumah Road, upande wa mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Mwaka huu nataka kujiandikisha uzamili wa fedha, masomo ya jioni na Jumamosi. Kabla sijalipa karo nimewauliza wenzangu waliotangulia, na jibu la kila mmoja ni lile lile: darasa alimaliza, mitihani alipita, tasnifu bado. Wengine hiyo "bado" ina miaka.

Na hawa si wavivu. Ni watu wa kukaa na hesabu za wateja mpaka usiku, wanaoweza kukuonyesha kwenye mizania ya duka la Marikiti mahali mwenye duka alipoficha deni. Mtu kama huyo anashindwaje na kurasa themanini? Nataka kujua ni hatua gani hasa inayowashinda, nijipange. Tafadhali msiniambie "bidii tu". Bidii wanayo.

#2 MtuWaTudor

Wasimamizi, ndugu yangu. Hakuna jingine.

Mimi nilisoma tawi la hapa mjini la chuo ambacho makao yake ni bara. Wakati wa darasa hatukuwa na neno. Mhadhiri alikuja Ijumaa usiku kwa reli, akafundisha Jumamosi kutwa, Jumapili akarudi. Darasa lilipokwisha nikapewa msimamizi nisiyewahi kumwona uso. Nikatuma sura ya kwanza. Muhula ukaisha. Jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja: mada ni pana, ipunguze. Nikapunguza, nikatuma. Huyo akaenda zake masomoni ng'ambo, nikapewa mwingine, naye akasema mada ni finyu, ipanue. Hapo ndipo nilipoiweka kando. Mwenye kukaa mji mmoja na msimamizi wake humvizia mlangoni hata kwa dakika tano akapata neno. Sisi tulikuwa na barua pepe basi.

#3 AjentiWaKipevu

Pole #2, lakini mimi msimamizi nilikuwa naye hapa hapa, mtu wa watu, na bado sijamaliza. Kwangu ni kazi. Nafanya klaringi, kazi ya kuwaondolea wateja mizigo bandarini. Meli haijui Jumamosi. Kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, ada za kuhifadhi zaanza kuhesabiwa, na mteja hakuulizi kama una sura ya pili ya kuandika. Darasani waweza kukosa kipindi ukaazima daftari la mwenzio. Tasnifu haina daftari la kuazima, ukiiacha mwezi mmoja ukarudi hujui ulikuwa wasema nini.

#4 KijanaWaKisauni

Ajenti, wewe hata kwenye hitima simu ya mteja wapokea, tumekuona 😂

Ila na foleni nayo mwiingize hesabuni. Darasa saa kumi na moja unusu jioni, wewe watoka Bamburi. Ukifika daraja la Nyali, darasa limefika katikati. Wa Likoni na feri yao nao waseme yao.

#5 MwalimuPaneli

Yaliyosemwa #2 na #3 ni kweli, lakini hayo humkuta mtu ambaye tayari amekwama. Nimesimamia na kusoma kazi nyingi za fedha za wanafunzi wa uzamili, na naona mkwamo huanza siku ya kuchagua mada.

Kusanya tasnifu za fedha za vyuo vyetu, nyingi zitasomeka hivi: athari ya kitu fulani kwa utendaji wa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi. Muundo wa mtaji, sera ya gawio, ukwasi, ukubwa wa bodi. Mwanafunzi huchagua hivyo kwa sababu mwenzake alichagua hivyo, na kwa sababu ripoti za kampuni hizo zapatikana bila kumbembeleza mtu. Sasa fuateni yanayompata. Kampuni zilizoorodheshwa ni sitini na kitu tu. Atoe benki na bima, kwa kuwa mizania zao ni za namna nyingine, abaki na arobaini na kitu. Kisha yuataka zile zenye takwimu kamili za miaka yote kumi, basi atoa na zilizoanguka au kusimamishwa njiani: Mumias, Uchumi, ARM ya saruji. Kenya Airways hisa zake zilisimamishwa sokoni Julai 2020 mpaka Januari 2025, nayo wengine huitoa. Hesabu zake zinabaki na kampuni zilizopona peke yake. Halafu aandika kwamba deni halina madhara makubwa kwa kampuni. Lingeonekanaje na wale lililowaua amewaondoa?

Na upande wa mbinu ni vivyo hivyo. Amefundishwa SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, na hojaji, muhula mmoja. Takwimu zake ni za kampuni nyingi kwa miaka mingi, yaani data ya paneli, na hizo zahitaji uamue kama tofauti za kampuni ni za kudumu au za nasibu, na kuna kipimo cha Hausman cha 1978 cha kukusaidia kuamua. Akiulizwa kwenye utetezi wa tasnifu, mbele ya watahini, kwa nini alichagua hiki na si kile, anyamaza. Arudishwa. Akirudishwa mara ya pili, hamwoni tena. Wenzake husema amekosa muda. Mimi nasema alipewa kazi ambayo hakufundishwa kuifanya, na lawama hiyo ni yetu tunaofundisha kabla ya kuwa yake.

#6 MhasibuMstaafu

Vijana, mimi nauliza swali la nyuma ya hilo. Uzamili huo ni wa nini? Nimekaa katika uhasibu tangu enzi za leja za mkono. Benki ikitaka mkuu wa fedha huuliza: una CPA, cheti cha uhasibu? Umesajiliwa ICPAK, chama cha wahasibu? Uzamili huongezwa mwishoni kama una sifa nyingine. Mtu anapojua rohoni kwamba karatasi hiyo haitamwongezea mshahara, ataiandika saa ngapi? Amalize sehemu zake sita za CPA, na akitaka mambo ya uwekezaji afanye CIFA, cheti cha uwekezaji cha KASNEB, bodi ile ile inayotahini CPA. Mwenye uwezo wa dola afanye CFA ya Wamarekani, mitihani ya ngazi tatu.

#7 KijanaWaKisauni

Mzee shikamoo. Sehemu sita zilikuwa zamani. Tangu mtaala mpya wa 2021 CPA ni ngazi 3: ya msingi, ya kati na ya juu. Na CFA si mitihani peke yake, wataka na saa 4,000 za kazi inayohusika, zisizopungua miezi 36, ndiyo upewe hicho cheti chenyewe.

#8 MhasibuMstaafu

Marahaba. Sita au tatu, hoja yangu iko palepale. Mwajiri hulipia kile anachokipima.

#9 UmmuSalma

Assalamu alaykum. Mimi nimemaliza, nikavaa joho, kwa hiyo niseme kama mtu aliyevuka.

Mwenzenu #6 asema watu hawamalizi kwa kuwa hakuna faida. Wanawake tuliokuwa darasa letu tuliitaka faida hiyo kuliko wanaume, na ndio tulioacha zaidi. Sababu ni mbili, na zote hazijatajwa. Ya kwanza, chuo chaendelea kukutoza ada ya usajili kila muhula hata kama darasa umelimaliza na unaandika nyumbani kwako. Unapokosa muhula mmoja unahesabiwa kuwa umetoka, na kurudi kwalipiwa. Mtu mwenye watoto watatu madrasa na skuli, akiangalia ada hiyo na ada ya watoto, wajua atalipa ipi. Ya pili ni ile saa yenyewe ya kuandika. Mwanamume akisema "naandika" mlango wafungwa, watoto waambiwa baba yuasoma. Mimi nikisema naandika, naulizwa mbaazi ziko wapi.

Nilimaliza kwa sababu mama mkwe wangu, Mungu amjalie, aliwachukua watoto kila Jumapili mwaka mzima. Bila yeye ningekuwa kwenye orodha ya hao wa "bado". KaunteriYaTatu, kabla ya kutafuta mada tafuta mtu wa kukubebea saa hizo.

#10 LikoniMpakaUsiku

Bi Ummu umesema. Na sisi wa ng'ambo ya feri tumetajwa kwa mzaha kule #4, lakini ni jambo. Kuna mwenzangu aliacha kwa sababu ya kurudi saa nne usiku tu, mumewe hakuridhika na feri ya saa hiyo. Alikuwa na alama nzuri kuliko sisi wote.

#11 MtuWaTudor

MwalimuPaneli, hiyo mada ya muundo wa mtaji ndiyo yangu, kwa hiyo sasa nimeelewa kwa nini wasimamizi wote wawili walikuwa wamechoka nayo. Ila nilikuwa na nadharia imara, ya wanauchumi Modigliani na Miller, ambao mwaka 1958 walionyesha kwamba deni huongeza thamani ya kampuni.

#12 MwalimuPaneli

Hapana, ndugu yangu, na hili huulizwa kwenye kila utetezi. Makala ya 1958 yalisema kinyume: kama hakuna kodi, hakuna gharama za kufilisika na kila mtu anakopa kwa bei moja, basi thamani ya kampuni haitegemei imejifadhili kwa deni au kwa hisa. Kodi waliirekebisha 1963, ndipo deni likapata faida, kwa kuwa riba hutolewa kabla ya kodi. Baadaye wakaja Jensen na Meckling 1976 na habari ya mgongano wa mameneja na wenye mali, kisha Myers 1984 na mpangilio wa kampuni kuanza na fedha zake za ndani, halafu deni, hisa mpya mwisho.

Sisemi haya kukuaibisha. Wanafunzi wengi huandika sura ya pili kwa kunakili sura ya pili ya mwingine, aliyenakili ya mwingine. Kosa la mmoja lasafiri miaka kumi. Yasome makala yenyewe. Ya 1958 hayana kurasa nyingi.

#13 MurabahaTu

Mimi niwatoe huko Nairobi niwarudishe nyumbani. Mji huu una watu wangapi wasiotaka riba? Kwa nini tunaandika juu ya kampuni za soko la hisa na hapa kuna benki kamili za Kiislamu? Gulf African na First Community zilifungua milango 2008, ya pili ikanunuliwa, na tangu 2023 yaitwa Premier. DIB (Dubai Islamic Bank) ilipata leseni 2017. Kuna na madirisha ya Kiislamu katika benki za kawaida. Mwaka 2023 ikatoka na sukuk, yaani hati fungani ya Kiislamu isiyo na riba, ya kwanza nchini, ile ya nyumba za Linzi, shilingi bilioni 3, ikaorodheshwa pale pale Nairobi.

Nilipeleka mada ya murabaha kwa wafanyabiashara wa vipuri, wale wa Mwembe Tayari: benki yanunua mali, yamwuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, alipa kidogo kidogo. Nilitaka kujua kama kweli humwepusha na deni bovu au ni mkopo wa kawaida uliobadilishwa nguo. Msimamizi akakataa. Akasema benki tatu hazitoshi kufanya hesabu. Nikaambiwa nichukue benki zote za biashara nchini na nipime faida zao. Niliacha kwa uchungu, sikuacha kwa uvivu.

#14 MwalimuPaneli

MurabahaTu, msimamizi wako alisema kweli kuhusu benki tatu kama ungepima benki. Lakini mada yako haikuwa benki, ilikuwa mikataba na wafanyabiashara. Hapo wafanyabiashara mia mbili ni sampuli ya kutosha, na mahojiano ya kina na ishirini yangekupa jambo ambalo hesabu haitoi. Ulinyimwa kwa kipimo kisichokuhusu.

#15 MurabahaTu

Na nani alikuwa wa kuniambia hivyo wakati ule? Tawi zima halikuwa na mtu mmoja aliyesomea fedha za Kiislamu. Rafiki yangu ilibidi aende INCEIF, Kuala Lumpur, chuo kilichoanzishwa na benki kuu yao kwa kazi hiyo hasa. Mombasa ina misikiti kila mtaa na haina mhadhiri wa murabaha.

#16 KijanaWaKisauni

Basi rafiki yako arudi afungue darasa, sisi tutaleta mahamri.

#17 MswahiliLeeds

Nawasoma kutoka Uingereza, naona baridi na hamu ya hayo mahamri. Niongeze tofauti moja. Huku uzamili wa fedha ni mwaka mmoja. Darasa laisha majira ya machipuko, tasnifu yaandikwa kiangazi kwa miezi mitatu hivi, maneno 10,000 mpaka 15,000, na baadhi ya vyuo hukuruhusu mradi badala yake. Tarehe ya kukabidhi ni moja kwa wote. Hakuna "bado". Usipokabidhi umeanguka. Sisemi sisi huku ni werevu zaidi, wengi huandika kazi nyepesi kuliko ya MtuWaTudor. Lakini ukomo wa tarehe na viza humaliza kazi.

Kwa watakaouliza ufadhili: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, yataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2. Mwenye familia afikirie vizuri.

#18 AjentiWaKipevu

Kwa hiyo dawa ni kutufukuza nchini tusipomaliza? 😂

MurabahaTu, maneno yako ya kutafuta mada ya hapa yamenichoma. Nina moja kichwani siku zote. Reli mpya ilianza kubeba makontena 2018. Agosti 2019 likatoka agizo mizigo ya ndani yote iende Nairobi kwa reli, ikaondolewe huko. Watu waliandamana hapa kila Jumatatu. Septemba 2022 rais mpya siku ya kuapishwa akatangaza uondoaji wa mizigo urudi Mombasa. Katikati ya hapo kampuni ngapi za malori zilikufa Miritini na Changamwe? Wangapi walikopa benki kununua lori, lori likalala? Hakuna somo la fedha kubwa kuliko hilo, na limepita mbele ya macho yetu.

#19 KaunteriYaTatu

Ajenti, wateja hao wa malori nilikuwa nao mezani. Baadhi yao nilikaa nao tukapanga upya mikopo, na wengine malori yalipigwa mnada. Mimi mwenyewe nilifikiria jambo linalokaribiana: sheria ya ukomo wa riba, ile ya 2016 mpaka 2018, na mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Benki nyingi zilikimbilia bondi za serikali wakati ule.

#20 LikoniMpakaUsiku

Mpaka Novemba 2019, si 2018. Ilianza Septemba 2016, riba isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nakumbuka kwa sababu mkopo wangu uliidhinishwa siku chache baada ya kuondolewa, na nililipa tofauti.

#21 MwalimuPaneli

Sahihi, Novemba 2019. Na Ajenti, agizo la Agosti 2019 lilisimamishwa mwaka huohuo baada ya maandamano, ingawa waagizaji wengi waliendelea kusema walisukumwa kwenye reli. Kwa mtafiti hilo ni zito: lazima ujue tarehe ambayo mambo yalibadilika kweli barabarani, na tarehe ya gazeti la serikali si lazima iwe hiyo.

KaunteriYaTatu, mada yako ni nzuri na ni ya mtu anayejua anachouliza. Tahadhari moja. Usidhani kwa kuwa takwimu ziko kwenye kompyuta ya benki yako ni zako. Siri za wateja zina sheria, na tangu 2019 kuna Sheria ya Kulinda Data. Omba ruhusa ya benki kwa maandishi kabla ya kuandika hata pendekezo la utafiti. Nimeona mtu amefika sura ya nne ndipo mwajiri wake akasema hapana. Ukinyimwa, ripoti za kila mwaka za Benki Kuu kuhusu usimamizi wa mabenki ziko wazi, lakini zitakupa benki nzima nzima, hutaliona duka la Marikiti humo.

#22 UmmuSalma

Na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, asiisahau. Huwezi kwenda kuhoji watu bila hiyo, na chuo hakikupi barua ya kuiomba mpaka pendekezo lako lipite. Kwangu mimi hapo ndipo miezi ilipopotea: kamati ya chuo hukutana wanapokutana wao.

#23 MtuWaTudor

Mnaona? Tumerudi kwenye chuo. Kamati, msimamizi, barua. Yote mliyoyataja, ukiyafuata mpaka mwisho yafika mlangoni pa ofisi moja.

#24 LikoniMpakaUsiku

Sikubaliani. Kuna jambo ambalo watu wote hapa wamelizunguka. Watu hununua tasnifu. Kijana yuakaa na kompyuta mahali fulani mjini, wamlipa kwa sura. Wanaonunua hawakosi msimamizi wala muda, na wengine hupita. Wale wasiotaka kununua hukaa na kazi yao halali wakimwona mwenzao amevaa joho kwa kazi ya kulipia. Mtu hufika mahali akauliza: najitesa kwa nini? Namjua mmoja aliyeacha kwa hilo tu, na alikuwa mkweli kuliko wote.

#25 MwalimuPaneli

Hili linauma na ni kweli lipo. Utetezi wa mdomo unaofanywa vizuri humkamata aliyenunua kwa maswali mawili: uliipata wapi namba hii, na ungefanyaje kama ingekuwa hasi. Tatizo ni paneli za watahini zinazofanya utetezi kwa haraka, wanafunzi sita asubuhi moja. Mwanafunzi mkweli anastahili paneli inayosoma kazi yake. Hilo nalidai kwa wenzangu kila mara na nitaendelea kulidai.

#26 MhasibuMstaafu

Mmeandika mengi na hamjanijibu. Nani kati yenu aliyemaliza alipandishwa cheo kwa sababu ya uzamili? UmmuSalma?

#27 UmmuSalma

Cheo sikupata. Nilipata kufundisha jioni chuo cha kati, na hiyo ndiyo iliyolipa karo ya mwanangu wa kwanza. Lakini mzee, kuna na faida ambayo mwajiri haipimi. Siku hizi nikipewa ripoti ya kampuni najua pa kuanzia na najua swali la kuuliza. Zamani nilikuwa naamini namba kwa kuwa zimechapwa vizuri.

#28 MhasibuMstaafu

Hilo CPA nayo hukupa.

#29 MswahiliLeeds

Mzee, CPA hukufundisha kuandaa na kukagua hesabu. Kuuliza kwa nini soko zima limefanya hivi na si vile ni kazi nyingine. Zote zina mahali pake.

KaunteriYaTatu, kitu kimoja zaidi cha kuuliza kabla ya kulipa: je, programu yataka tasnifu kamili au mradi wa utafiti pamoja na masomo ya ziada? Vyuo vingine vya Kenya hutoa njia zote mbili, na watu hujiandikisha bila kuuliza.

#30 MurabahaTu

Lakini njia ya mradi ukitaka kuendelea na uzamifu huenda ikakusumbua. Uliza na hilo pia.

#31 KaunteriYaTatu

Asanteni. Nimeandika maswali ya kupeleka chuoni: nani atanisimamia na anakaa mji gani, kamati hukutana lini, ada ya muhula wa kuandika ni kiasi gani, kama kuna mtu wa kufundisha data ya paneli kwa kompyuta, si ubaoni. Kuhusu mada, ya Ajenti imenishika kuliko yangu. Mikopo ya malori na agizo la reli: pale kuna mkopaji, kuna mkopeshaji, na kuna tarehe. Sina hakika kama takwimu zitapatikana.

#32 AjentiWaKipevu

Za kwangu zipo. Kampuni ni yangu, hakuna wa kukunyima. Nina majalada ya makontena niliyoyaondoa tangu kabla ya reli, ada, siku, na nani alibeba. Majina ya wateja tutayafunika. Wenzangu wawili wa Changamwe wenye malori nitazungumza nao, mmoja bado analipa benki.

#33 MwalimuPaneli

Kabla hamjafurahi: majalada ya Ajenti yanaonyesha tarehe kontena lilipotoka bandarini na tarehe lilipomfikia mteja, zikiwa mbali mbali? Kama ni tarehe moja tu, hamtaweza kutenganisha ucheleweshaji wa reli na wa forodha.

#34 AjentiWaKipevu

Kuanzia katikati ya 2018 zote mbili zipo. Kabla ya hapo ni ya kutoka bandarini tu, lakini risiti za madereva ninazo kwenye maboksi, zina tarehe ya kushusha mzigo. Ni za mkono na nyingine zimefifia. KaunteriYaTatu, njoo Jumapili mchana ofisini uzitazame, uniambie kama zasomeka.

#35 KijanaWaKisauni

Nami nitakuja kusoma hizo za mkono, nimezoea mwandiko wa madereva, baba yangu alikuwa mmoja wao. Ila anzeni baada ya saa nane, foleni ya Makupa mwaijua.